Kitambaa cha Kaki Ndani ya Kengele

Diploma yangu imetundikwa ukutani dukani kwangu hapa Garissa, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Niliipata ng'ambo, katika chuo cha ufundi wa nguo, kwenye mji wa baridi ambako wenzangu wanne kutoka Afrika walirudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilibaki. Nilishika nafasi ya pili, na aliyenipita alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Sikusomeshwa na serikali, wala na tajiri yeyote. Kiswahili hiki nilijifundisha mwenyewe, mimi niliyezaliwa nyuma ya ngamia na kufika miaka kumi na mitano bila kushika kalamu. Watu wa ofisini huniletea barua zao nizisahihishe. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sitaki msomaji adhani kwamba yanayofuata yameandikwa na mtu dhaifu anayetafuta huruma.

Baba yangu mdogo alizikwa mwezi uliopita. Kuna jambo moja juu yake ambalo mji mzima unalijua vibaya, na anayelijua vizuri nimebaki mimi peke yangu.

Baba mzazi aliuawa wakati wa vita, ile miaka ambayo kila Msomali aliyekutwa porini aliitwa shifta, yaani mwasi, hata akiwa na fimbo tu mkononi. Alikuwa amepeleka ngamia majini upande wa Habaswein. Askari waliwapiga risasi ngamia kwanza, kisha wachungaji waliokuwa wamesimama wakiwatazama ngamia wao wakianguka. Mtu aliyetuletea habari alibeba vitu viwili: shuka ya baba, na kengele ya mbao aliyoichonga mwenyewe kwa ajili ya ngamia wa mbele. Mama aliichukua shuka. Mimi nilichukua kengele.

Tulibakiwa na ngamia jike mmoja, kwa kuwa alikuwa amezaa karibuni na hakwenda kisimani na wenzake. Nikamvika kengele ile shingoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwetu umri huo ni wa mtu mzima. Mama alikuwa na mimi, na binti mchanga ambaye baba alimwacha na miezi minne. Nilijihesabu kuwa mwenye nyumba.

Haikuchukua muda nikavuliwa cheo hicho. Serikali iliamuru watu wote wa porini tukae katika kijiji kimoja karibu na Garissa, tukazungushiwa miiba na waya, lango moja, askari langoni. Na eda ya mama ilipokwisha, ndugu mdogo wa baba akaja kumwoa. Hiyo ni desturi yetu, inaitwa dumaal: mwanamume akifa, ndugu yake humchukua mjane ili watoto wasitawanyike. Hakuna aliyeniuliza, na haikuwa kazi yao kuniuliza. Lakini laiti angekuwa mtu wa kufanana na baba.

Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameishi mjini tangu ujana, ana viganja laini kama vya mwanamke aliyejifungua, na alikuwa akiogopa ngamia. Nasema ukweli. Ngamia wetu akigeuza shingo, yeye hurudi nyuma hatua mbili na kusema bismillahi. Alikuja kijijini na cherehani ya mkono kichwani, akaiweka chini ya turubai, na wateja wake wa kwanza wakawa askari. Magwanda yao yalikuwa yakichanwa na miiba, naye akawa anayatia viraka. Sare za waliomuua kaka yake zilikuwa zikipita chini ya sindano yake, na jioni alikuwa akija kulala katika kibanda cha mama.

Vijana wenzangu hawakuniacha.

"Vipi, baba yako mpya ameshakukata kipimo?" mmoja aliniuliza tukiwa malishoni.

"Mwache," mwenzake alisema. "Ngamia wao akifa, fundi atamshonea mwingine. Wa kaki."

"Mwenye mifuko miwili kifuani."

Walicheka hadi wakakaa chini. Nilimrushia mmoja jiwe, likampata begani, lakini hasira yangu haikuwa juu yake.

Kwetu mtu na mtoto wa ndugu yake huitana neno moja. Yeye akimwita mtoto "adeer," mtoto naye hujibu "adeer." Kila asubuhi baba mdogo alinisalimu, "Umeamkaje, adeer?" na kila asubuhi nilijibu, "Salama," nikaishia hapo. Mama alikuwa akinitazama kwa jicho la kunichoma. Kesho yake fundi alirudia vilevile, "Umeamkaje, adeer?" kama mtu anayejaribu ufunguo uleule katika kufuli lileile.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama alikauka maziwa. Njaa ya kijiji kile ilikuwa imewakausha wanawake wengi. Unga wa mahindi tuliogawiwa ulimharisha mtoto. Kilichomweka hai dada yangu ni maziwa ya ngamia yule mmoja, na ngamia mwenyewe alikuwa akienda chini kila wiki. Ndama wake alikufa. Tulimchuna, tukaijaza ngozi majani makavu, na kila nikikamua nilimwekea mama yake ngozi ile mbele ya pua ainuse, vinginevyo asingeachia hata tone. Akinusa, anaachia kidogo. Kikombe kilikuwa nusu, halafu robo.

Wachungaji tuliruhusiwa kutoka asubuhi na kurudi alasiri, na tusipite mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka kijiji. Ndani ya mawe yale mifugo ya kijiji kizima ilikuwa imekula kila kitu hadi magome. Nje ya mawe, upande wa chini kuelekea mto Tana, kulikuwa na vichaka vya mswaki, kijani kibichi, na ngamia anayekula mswaki hutoa maziwa. Nilikuwa nikiviona. Ngamia naye alikuwa akiviona.

Nilimwambia mama, "Hooyo, nikimpeleka kule siku mbili tu, mtoto atashiba."

"Na wakikuona?"

"Hawataniona."

"Baba yako naye alisema hivyo," alijibu, na mazungumzo yakaisha.

Fundi alikuwa ameketi karibu, anatia uzi kwenye sindano. Akasema kwa sauti ya chini, "Adeer, ngoja kidogo. Koplo ananijia baada ya siku nne kuchukua suruali. Nitamwomba ruhusa ya kulisha kule. Ni mtu anayezungumzika."

Mtu anayezungumzika. Nilitoka nje. Niliona afadhali tufe kuliko kuombewa majani kwa sababu ya suruali ya koplo.

Asubuhi iliyofuata nilifanya kitu nilichofundishwa na baba. Kengele ya ngamia husikika mbali, ndiyo kazi yake. Lakini mchungaji akipita karibu na visima vya watu wenye uadui naye, huiziba kwa majani ili apite kimya. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba. Majani hayakuwepo. Chini ya cherehani kulikuwa na rundo la vipande vilivyobaki vya sare, na baba mdogo alikuwa ameenda kuswali. Nilichukua kitambaa cha kaki, upana wa kiganja, nikakizungusha kwenye ulimi wa kengele na kukishindilia ndani. Nikamtikisa ngamia shingo. Kimya.

Siku ya kwanza tulipita mawe, ngamia akala, tukarudi na wachungaji wengine kama kawaida, kitambaa nikikitoa kabla ya lango. Siku ya pili vilevile. Alasiri hiyo kikombe kilijaa hadi juu na povu. Dada yangu alikunywa, akalala, akaamka, akanywa tena, akacheka. Mama alimshika, akanitazama, hakuuliza kitu. Mtu mwenye mtoto aliyeshiba hana maswali. Nilijiona mwanamume kuliko wanaume wote waliokuwa ndani ya ule waya.

Jambo ambalo sikulijua, na baba hakuishi akanifundisha, ni kwamba askari nao walikuwa wamejifunza. Watu waliokuwa wakipigana porini walikuwa wakitembea na ngamia waliozibwa kengele. Kwa askari, ngamia mwenye kengele inayolia alikuwa wa mchungaji. Ngamia mwenye kengele isiyolia alikuwa wa shifta. Kile nilichokifanya ili nisionekane ndicho kilichotutia alama.

Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, nilikuwa nimeketi chini ya kichaka hatua kama sitini kutoka kwa ngamia. Risasi zilitoka upande wa kilima. Alipiga magoti ya mbele kwanza, taratibu, kama anavyofanya akitaka kupakiwa mzigo. Nililala kifudifudi. Askari wanne walishuka, wakazunguka, wakaita kwa Kiswahili ambacho wakati huo sikukielewa. Mmoja aliinama shingoni kwa ngamia, akavuta kitambaa kutoka kwenye kengele, akakiangalia, kisha akashika mkono wa shati lake mwenyewe na kuvilinganisha. Nilimwona akicheka. Nikatambaa hadi kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, nikaifuata, na nikaingia langoni katikati ya mbuzi za watu.

Lori lilifika kijijini kabla ya swala ya alasiri. Wote tulikusanywa uwanjani. Koplo, yule mwenye suruali, alisimama na kengele ya baba mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Mkalimani alikuwa akigeuza maneno yake, lakini baba mdogo hakungoja mkalimani. Alikuwa amekwisha kukiona kitambaa. Aligeuza kichwa akanitazama mara moja, si kwa hasira. Alinitazama vile fundi anavyomtazama mtu ili kukadiria urefu wake. Kisha akatoka mbele.

"Fundi," koplo alisema. "Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, afande. Kitambaa mimi iliweka."

"Wewe unaogopa ngamia. Umeniambia mwenyewe."

"Asubuhi iko gizagiza, mimi naziba. Mtoto nachunga tu, hajui kitu."

"Mtoto hajui kwamba kengele yake hailii?"

"Habana, afande. Hii mtoto iko mjinga sana."

Askari wengine walicheka, na baadhi ya watu wetu wanaojua Kiswahili wakacheka pia. Nilisimama pale. Nilielewa neno "mtoto" na neno "mjinga," na nilielewa kila kitu. Miguu yangu ilikuwa mizima, ulimi ulikuwa mzima. Sikusogea. Walimpandisha kwenye lori, na koplo akaitupa kengele mavumbini.

Mama aliiokota. Siku mbili baadaye aliipasua kwa shoka na kuichoma kuni, akipikia uji ambao mtoto aliutapika. "Kitu cha mikosi," alisema. "Baba yako alikichonga, yule mpumbavu akakitia kitambaa." Alikuwa akiamini kila neno lililosemwa uwanjani. Kwa nini asiamini? Mtu wa mjini, asiyejua ngamia, amejitia ujuzi wa wachungaji na kutuulia ngamia wetu. Ilimwingia akilini kabisa. Angeniuliza mara moja tu, ningemwambia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi.

Dada yangu alikufa siku ya kumi na moja. Hakulia. Alikuwa mwepesi hata mzee aliyembeba kumpeleka kuzikwa aliniomba nihakikishe kwamba yumo ndani ya sanda.

Baba mdogo alirudi baada ya siku nyingine sita, kwa miguu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kilemba chake mwenyewe. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjwa na kuunga vibaya, vimeelekea kila upande. Alisema ni mlango wa lori. Alinikuta nje ya kibanda.

"Umeshindaje, adeer," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Amekufa, adeer."

Lilinitoka lenyewe, lile neno ambalo nilimnyima miezi yote ile. Alilisikia. Alikaa chini palepale mavumbini, akauweka mkono mbovu juu ya goti, akaanza kumwombea mtoto dua. Alipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Mama hakumsamehe. Alimpikia, kwa kuwa ni mume, lakini sahani aliiweka chini na kuisukuma kwa mguu. "Kitambaa chako kilimuua binti yangu," alimwambia siku ya kwanza, mimi nikiwa nimekaa katikati yao.

"Ni kweli," alisema.

Cherehani ya mkono huzungushwa kwa mkono wa kulia. Wake ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo nilikaa mimi kwenye mpini, yeye akakaa ubavuni akielekeza kwa mdomo. "Polepole hapo. Geuza. Usivute nguo, iache ijiendee." Nilizungusha mwaka mzima kijijini, na baada ya waya kuondolewa nikazungusha mingine mjini. Nilishona magwanda ya askari walewale, kwa kuwa hakukuwa na wateja wengine. Kutoka kwao nikajifunza Kiswahili, na kutoka kwenye magazeti ya zamani tuliyokuwa tukikatia vipimo nikajifunza kusoma, herufi moja moja. Hapo ndipo nilipoanza. Kutoka turubai lile hadi chuo cha ng'ambo hakuna mtu aliyenishika mkono, na simwonei haya mtu kusema hivyo. Lakini mpini wa cherehani niliukuta wazi, na ulikuwa wazi kwa sababu yangu.

Watu wetu hawamwachi mtu bila lakabu. Kiwete ataitwa kwa mguu wake, mwenye jicho moja kwa jicho lake, na hakuna anayekasirika. Baba mdogo walimpa lakabu kutokana na ile kengele. Sitaiandika hapa. Watoto waliozaliwa baada ya vita, ambao hawakuwahi kuuona ule waya, walimwita hivyo sokoni, naye akaitika.

Niliporudi na diploma, mama alichinjisha mbuzi wawili na kuwaambia wageni, "Mwanangu huyu amejitengeneza mwenyewe. Baba yake alikufa, na huyu niliyepewa baadaye, ngamia mmoja tu alimshinda." Wageni walicheka. Baba mdogo alicheka nao, akinyanyua nyama kwa vidole vyake vilivyopinda. "Wallahi sikuwahi kuwajua ngamia," alisema. Mimi nilikuwa nimevaa suti.

Mama alipougua ugonjwa wa mwisho niliamua kumwambia. Nilifika mlangoni mwa chumba chake adhuhuri. Baba mdogo alikuwa ameketi kizingitini na birika la maji. Alinitazama usoni, na sijui alionaje, maana sikuwa nimefungua mdomo.

"Mwache, adeer," alisema. "Amenizoea hivi."

"Ni haki yake kujua."

"Haki yake kujua nini? Kwamba ni wewe? Ana watoto wangapi waliobaki?" Alinimiminia maji nikanawa mikono kama mgeni. "Ingia umsalimie. Muulize kama anataka chai."

Niliingia nikamuuliza kama anataka chai. Alikufa Ijumaa.

Mwezi uliopita, tukimzika baba mdogo karibu na mama, kijana mmoja mwenye jembe aliuliza kaburi ni la nani, na mwenzake akamtajia ile lakabu. Watu wakatabasamu kwa upole, kama mtu anavyotabasamu akimkumbuka marehemu aliyependwa. Nikasema kwa sauti, mbele yao wote: "Kengele niliiziba mimi. Yeye hakuigusa."

Kisha mzee mmoja, ambaye siku ile ya lori alikuwa uwanjani kama mimi, alinishika bega. "Mungu akulipe," alisema. "Mtu wa elimu yako kuchukua aibu ya marehemu juu ya kichwa chako. Hao ndio watoto." Wengine wakaitikia. Nilirudia tena, wakanihurumia zaidi. Mmoja alinipa maji ya kunywa. Tulipokuwa tukitoka makaburini nilisikia wakisifu malezi yangu.

Kwa hiyo nimeandika. Mkononi sina ushahidi, kengele ilichomwa. Ninachokumbuka ni hiki: kitambaa kilikuwa cha kaki, upana wa kiganja, upande mmoja kina mshono wa mfuko uliofumuliwa. Nilikichukua chini ya cherehani asubuhi, alipokuwa ameenda kuswali. Alikuwa amenisalimu kabla ya kutoka, na sikumjibu vizuri.